Ramani ilikuwa tupu, radi ilikuwa inakuja: kisa cha tamasha la korali Bukavu

Kisa hiki ni cha tamasha la korali lililofanyika hapa Bukavu katikati ya kipindi cha mvua. Jina la parokia, tarehe na majina ya watu nimeviondoa, na vitu vidogo viwili vitatu vimebadilishwa ili mtu asitambulike, ila mfuatano wa mambo ni ule ule walionieleza waandaaji wenyewe, na ni ule ulio kwenye daftari la kijana aliyepewa kazi ya kuangalia mawingu siku ile. Nimekiandika sababu siku hizi karibu kila komite ya sherehe iko na mtu mwenye telefone yenye ramani ya radi, na ile ramani inatumiwa vibaya kwa namna moja ambayo inaweza kuua watu.

Mahali penyewe

Uwanja ni wa shule, kama viwanja vingi vya mji wetu: tambarare iliyochimbwa kwenye mteremko wa kilima. Upande wa juu kuna madarasa ya sima yenye umeme, upande wa chini mstari wa mikaratusi mirefu, na pembeni kanisa kubwa la matofali. Siku ile watu walikuwa kama 1,200, nusu yao vijana na watoto wa korali. Kulikuwa na jukwaa la mabomba ya chuma, mahema manne ya shitingi juu ya nguzo za chuma, sono kubwa (spika na mashine za sauti), na jenereta nyuma ya jukwaa.

Mtu akiingia uwanjani akaona mahema manne anasema hawa wamejipanga. Kwa jua ni kweli, kwa mvua pia. Kwa radi hapana, hema la namna ile halikingi kitu, nguzo zake ni chuma kilichosimama juu ya udongo uliolowa na watu wamejibana pembeni yake.

Na hapa kwetu radi si jambo la bahati mbaya ya mara moja kwa miaka kumi. Wataalamu walipohesabu mimweko ya radi kwa setilaiti ya TRMM, miaka ya 1998 mpaka 2013, mahali pa kwanza duniani palikuwa Ziwa Maracaibo kule Venezuela, mimweko kama 233 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka, na pa pili palikuwa pointi waliyoipa jina la Kabare, kama 205. Pointi yenyewe iko upande wa magharibi ya milima, si ndani ya mji wetu, lakini Kampene, Sake na Butembo nazo zimo kwenye kumi za kwanza, yani mashariki yote ya Congo tuko ndani ya eneo hilo.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: mvua ya radi ya mchana hapa mara nyingi haisafiri kutoka mbali. Hewa yenye unyevu inapanda milima ya Mitumba, jua linachoma miteremko tangu asubuhi, na kwenye saa sita au saa saba wingu linaanza kupanda kwenda juu na linakomaa pale pale, pengine kwa dakika arobaini tu. Kwa hiyo yule anayesema "bado iko mbali, tutaiona ikija" anasubiri kitu ambacho pengine kinazaliwa juu ya kichwa chake.

Walichopanga kabla

Mkuu wa komite alikuwa mama mmoja mwalimu, nitamwita Mama Prezidanti kama walivyomwita wote pale. Wiki moja kabla aliandika mpango wa ukurasa mmoja, na kwenye huo mpango kuna jambo moja ambalo mimi nalisifu kuliko yote: aliandika kwamba mwenye ruhusa ya kusimamisha tamasha kwa sababu ya radi ni yeye peke yake, wala si MC, wala si padri, wala mgeni wa heshima, na kwamba akisema simama hakuna mjadala. Padri paroko alisaini.

Kijana mmoja alipewa kazi ya kuangalia mawingu na hakupewa kazi nyingine yoyote. Alikuwa na vyombo vitatu. Cha kwanza ni ramani ya Blitzortung kwenye telefone, mtandao wa watu wa kujitolea duniani wanaoweka vipokezi majumbani kwao, radi ikipiga, vile vipokezi vinasikia wimbi lake la redio na kompyuta inalinganisha wimbi limefika kila mahali saa ngapi, halafu inapata pointi. Cha pili ni picha za mawingu za setilaiti za Meteosat, zinapatikana bure kwenye intaneti. Cha tatu ni macho na masikio yake, na saa ya mkononi.

Kanuni zilikuwa hivi. Radi ikionekana kwenye ramani ndani ya kilomita 20, watu wa protokoli wajiweke tayari. Ikiingia ndani ya kilomita 10, AU ngurumo ikisikika uwanjani, wote waingie ndani. Kurudi ni mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho, na ngurumo mpya ikisikika saa inaanza upya. Zile kilomita 10 si za kubuni: sauti inachukua karibu sekunde tatu kwa kilomita moja, ukiona mmweko ukahesabu mpaka 30 kabla ya ngurumo ujue iko kama kilomita 10, na kutoka umbali huo mpigo unaofuata unaweza kukufikia wewe hata kama juu yako kuna jua.

Lile neno AU liliandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi yao. Mtaona mbele.

Siku yenyewe

Asubuhi kijana aliangalia picha ya setilaiti akaona mabaki ya mvua ya usiku juu ya ziwa na mji ukiwa wazi. Hapo kuna mtego mmoja ambao aliuepuka vizuri: picha zile zinaandikwa saa ya UTC, yani saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa mbili, kwa hiyo picha iliyoandikwa 10:45 kwetu ni saa 6:45 mchana. Asiyejua hilo atafikiri anaangalia wingu la zamani. Na picha haifiki mara moja, inafika imechelewa, na kwa wingu linalokomaa kwa dakika arobaini kule kuchelewa ni sehemu kubwa ya maisha yake.

Saa sita na nusu aliandika kwenye daftari: mawingu meupe yanapanda upande wa Kabare (eneo la jirani yetu, si ile pointi ya setilaiti), vichwa vigumu kama koliflawa. Ramani ya radi, hakuna kitu. Alimwambia MC, na MC akatangaza kwa furaha kwenye mikro kwamba "ramani ni safi, tuendelee," watu wakapiga makofi.

Kijana alikuwa amesimama upande wa juu, pembeni ya madarasa, mbali na bafle, na hiyo nayo ilikuwa kwenye mpango. Saa 7:05 alisikia ngurumo. Ndogo, ndefu, kutoka milimani. Uwanjani hakuna hata mmoja aliyesikia, sababu bafle zilikuwa zinapiga na jenereta inaunguruma. Akaangalia telefone: hakuna hata pointi moja. Akashuka mbio.

"Mama, minasikia radi, lakini ku ramani hakuna kitu."

MC akasema kama ramani haioni basi pengine ni lori linashusha mawe. Mgeni wa heshima alikuwa ndiyo kwanza amefika, korali ya nyumbani ilikuwa jukwaani. Mama Prezidanti alirudi pembeni ya madarasa pamoja na kijana, wakanyamaza wote wawili, na ngurumo ya pili ikaja. Akaamua kusimamisha, lakini akaacha wimbo umalizike. Wimbo uliisha saa 7:14. Wakati ule ule ndipo pointi ya kwanza ikatokea kwenye ramani, kilomita kama nane. Yani masikio yalitangulia ramani kwa dakika tisa.

Tangazo na funguo

Hapa mambo mawili yaliharibika, na ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

La kwanza ni maneno. MC alitangaza: "Ndugu zangu, mvua inakuja, tujikinge." Watu wakafanya kile kila mtu wa Bukavu anafanya akisikia mvua, wakakimbilia mahema, na wengine wakaenda chini ya mikaratusi. Kwa dakika chache watu mia kadhaa waliokuwa wametawanyika walijikusanya wenyewe kwenye sehemu mbili mbaya kuliko zote. Mama Prezidanti alimnyang'anya mikro, akasema: "Si mvua, ni radi. Tokeni kwenye mahema. Tokeni chini ya miti. Korali zote kanisani, wengine wote madarasani." Protokoli wakaanza kuwasukuma watoto.

La pili ni funguo. Kanisa lilikuwa wazi, madarasa yalikuwa yamefungwa, na mlinzi mwenye funguo alikuwa ameenda kula. Alipigiwa simu, rezo ikakataa, motari mmoja akatumwa. Mwenye kuandika daftari ameandika dakika 11. Wakati huo watu walisimama kwenye baraza la madarasa, chini ya manjanja (mabati), migongo kwenye madirisha ya chuma. Mabasi mawili ya korali yalikuwa barabarani na dereva mmoja kwa akili yake mwenyewe akafungua milango akaita watoto waingie. Alifanya vizuri sana. Gari lenye mwili wa chuma na paa la chuma, vioo vikifungwa, umeme unapita nje kwenye chuma unaenda ardhini. Tairi hazihusiki, ni kile chuma. Pikipiki haina kinga yoyote.

Radi ilipopiga

Saa 7:38 watu karibu wote walikuwa ndani. Fundi wa sono alirudi jukwaani kuokoa amplifaya zake. Hakuna aliyemtuma, lakini pia hakuna mtu alikuwa amemwambia mapema aache, na zile mashine ni mkate wa nyumba yake, mwanadamu yeyote angerudi.

Radi ilipiga mkaratusi mmoja upande wa chini. Ganda la mti lilipasuka kutoka juu mpaka chini. Fundi alikuwa mbali na ule mti, mita thelathini au zaidi, ameinama anakunja kebo, na alirushwa chini. Umeme ukiingia ardhini hauishii pale, unasambaa kwenye udongo, na nguvu yake inapungua kila hatua, kwa hiyo mguu wako mmoja unakuwa kwenye nguvu moja na mwingine kwenye nguvu nyingine, umeme unapanda huku unashuka kule. Hiyo njo inaua ng'ombe wengi kwa mpigo mmoja, miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali. Na hapa kulikuwa pia na kebo ndefu iliyolala chini, mkononi mwake.

Alikuwa anapumua, anaongea, miguu imekufa ganzi. Watu wawili waliogopa kumgusa wakisema bado ana umeme. Mama mmoja nesi, mwimbaji wa korali ya wageni, alisema kwa sauti kwamba mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme hata kidogo, akamshika, akamwingiza kanisani kwa msaada wa vijana. Hili lijulikane na kila mtu. Aliyepigwa anaguswa mara moja, na kama wamepigwa wengi, yule asiyepumua njo wa kwanza kushughulikiwa, kumkandamiza kifua na kumpulizia, sababu radi inasimamisha moyo wa mtu mzima wa afya na mara nyingi moyo huo unaweza kurudi. Anayelia na kupiga kelele anaweza kusubiri.

Fundi alilala hospitali usiku mmoja, akarudi nyumbani anatembea. Amplifaya mbili na mikseri viliungua. Mtu mwingine hakuumia. Chini ya ule mti, kama dakika ishirini kabla, kulikuwa na watoto waliokuwa wamekimbilia pale kwa lile tangazo la kwanza.

Kurudi uwanjani

Saa nane na dakika chache mvua ikapungua, jua likatoka, na mgeni wa heshima akauliza kama tunaweza kumalizia. Ngurumo ya mwisho iliyoandikwa ilikuwa ya saa 8:02. Watu walianza kutoka. Mama Prezidanti akasimama mlangoni mwa kanisa na saa mkononi, akasema mpaka 8:32. Saa 8:18 ngurumo nyingine, upande wa ziwa safari hii. Akasema mpaka 8:48. Kulikuwa na manung'uniko mengi na mzee mmoja wa heshima alimwambia "mama, unatufunga kama wafungwa," naye akajibu "papa, unisamehe, tutangojea," akabaki pale pale mlangoni.

Tamasha lilimalizikia ndani ya kanisa, bila sono, kwa sauti tupu na ngoma. Walioniambia wanasema njo sehemu nzuri kuliko zote.

Maneno ya kesho yake

Jumatatu ilianza kusemwa kwamba radi ile ilitumwa, na korali fulani iliyoshindwa mwaka uliopita ikatajwa. Katika mji wetu hili si porojo la kupita, watu wamepigwa na kufukuzwa nyumbani kwa maneno kama haya, hasa wazee wanaoishi peke yao. Mwaka 1998 habari ilizunguka dunia nzima kwamba radi kule Kasai iliua wachezaji 11 wa timu moja ya mpira na wa timu nyingine wakabaki, na mara moja watu wakaongea uchawi.

Padri na Mama Prezidanti hawakungoja Jumapili iliyofuata. Jioni ile ile walikusanya viongozi wa korali zote, wakasoma daftari la kijana kwa sauti, saa kwa saa, na kuonyesha picha za setilaiti: wingu hili lilianza Kabare saa sita, likafika huku, likapiga mti mrefu kuliko vyote mtaani. Fundi mwenyewe alikuwepo akasema hana mtu anayemshitaki. Maneno yakafa. Mimi naona daftari lile lilifanya kazi kubwa zaidi siku ya Jumatatu kuliko Jumapili.

Uchambuzi

Kilichookoa watu ni lile neno AU. Kama kanuni ingesema "ramani na ngurumo," au kama ingesema ramani peke yake, mjadala na uamuzi vingeanza saa 7:14 tu, pointi ilipotokea, badala ya kuwa vimekwisha saa hiyo, tuongeze zile 11 za funguo, na mti ungekuta watu bado njiani.

Ramani haikuwa na kosa. Mtandao ule unahitaji vipokezi kadhaa visikie mpigo mmoja, na vipokezi vingi viko Ulaya na Marekani, huku Afrika ya kati ni vichache na viko mbali sana, kwa hiyo inashika mipigo mikubwa na kuacha mingine mingi. Meteosat mpya iliyorushwa mwezi wa kumi na mbili 2022 imebeba chombo cha kuangalia radi kutoka juu, kinaona mwanga wake juu ya mawingu Afrika yote, na hiyo itatusaidia sana sisi ambao hatuna vipokezi, ingawa chombo hicho hakitenganishi radi iliyoshuka ardhini na ile iliyobaki ndani ya wingu, na bado taarifa inafika kwenye telefone kwa kuchelewa, kama mega zipo na rezo ipo.

Kwa hiyo hapa Kivu data ya radi ina upande mmoja tu wa kutumika. Pointi ikionekana, simamisha. Isipoonekana, hujaambiwa kitu chochote. MC aliposema "ramani ni safi" alichukua ukimya akaufanya ruhusa, na alifanya hivyo kwenye mikro mbele ya watu 1,200, ikawa vigumu zaidi kumwamini kijana nusu saa baadaye. Kijana hakupaswa kumpelekea MC habari ile, alipaswa kumpelekea Mama Prezidanti tu.

Kuacha wimbo umalizike najua wengi watatetea. Mgeni amefika, watoto wamefanya mazoezi miezi. Lakini dakika zile zilikuwa za watu, na zilichukuliwa kutoka kwenye zile za kutembea. Watu 1,200, pamoja na bibi wazee na watoto wadogo, wanahitaji kama robo saa kuingia ndani hata milango ikiwa wazi, na hesabu hiyo haikuwa kwenye mpango. Kilomita 10 inafaa kwa mtu mmoja anayekimbia nyumbani. Kwa umati ungeanza mapema zaidi.

Upande wa funguo na tangazo sina mengi, ni mambo ya kupanga. Ila la fundi linaniuma. Mpango wote ulifikiria watazamaji na waimbaji, ukasahau waliokuja kufanya kazi, na hao njo wanabaki mwisho uwanjani kila mara: fundi wa sono, mwenye mahema, mama muuza maji, mpiga picha.

Walichobadilisha

Msimu uliofuata sono inazimwa na kuchomolewa kwenye hatua ya kilomita 20, wakati bado kuna jua, na matangazo yanaendelea kwa megafoni ya betri. Fundi analipwa siku nzima hata ikizimwa, imeandikwa kwenye mkataba wake, hivyo hana sababu ya kubishana. Tangazo limeandikwa tayari na linaanza na neno radi, neno mvua halimo. Madarasa yanafunguliwa kabla mtu wa kwanza hajafika na funguo zinakaa kwa protokoli. Watu wanaambiwa wakae mbali na madirisha ya chuma, mabomba na nyaya, sababu jengo lile halina paratoneri (chuma cha kukinga jengo na radi), na komite imeanza kuchanga ili iwekwe pamoja na waya mzuri wa ardhini.

Kijana ameongeza redio ndogo ya zamani ya AM, anaiweka katikati ya masafa pasipo na kituo. Kila mpigo wa radi unasikika kama mkwaruzo, hata ukiwa mbali makumi ya kilomita, bila mega na bila rezo. FM haifanyi hivyo, kwa hiyo redio ya telefone haisaidii. Mikwaruzo ikianza kukaribiana, anapanda upande wa madarasa na kuita Mama Prezidanti moja kwa moja.